Sumaku Ilishika

"Shangazi, na wewe ukikosea, nani anakukagua?"

Aliyeuliza alikuwa binti wa kaka yake, mtoto wa miaka minane, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuibiwa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Shangazi alikuwa ameinama mezani, anaifuta sumaku yake kwa kipande cha fulana kuukuu. Mkono ukasimama. Akamtazama mtoto, akaitazama sumaku, kisha akasema, "Kunywa chai yako, inapoa."

Chai ilikuwa bado inafuka moshi.

Kaka mtu alikuwa kwenye kona ya sebule hiyohiyo akipiga pasi suruali za wateja, maana alikuwa fundi cherehani na sebule ndiyo ilikuwa duka lake. Akacheka mpaka pasi ikayumba. "Leo umepatikana! Mkaguzi kakaguliwa!"

"Wewe angalia usiunguze suruali ya watu," Shangazi akamjibu. Akafunga mkoba wake wa ngozi, akatoka.

Kazi ya Shangazi ilikuwa ngumu kuieleza. Darasani, siku watoto walipoulizwa kazi za watu wa kwao, mmoja alisema baba yake ni mwashi, mwingine akasema mama yake anauza vitambaa, na binti wa kaka yake akasimama akasema, "Shangazi yangu anagonga magari." Mwalimu akashtuka, akauliza anayagonga na nini. "Na kidole, mwalimu." Darasa zima likaangua kicheko, na mtoto akarudi nyumbani amenuna.

Lakini hakuwa amesema uongo. Wapo watu wanaopenda magari ya zamani, yale ya taa za duara na usukani mwembamba kama bangili. Fundi anaokota mzoga wa gari uliolala uani miaka ishirini, majani yamemea hadi kwenye viti, anaufufua. Anachomelea, anapaka rangi, anang'arisha bampa mpaka unaweza kunyolea ndevu humo. Halafu analipeleka sokoni pamoja na maneno: injini yake ileile, chuma chake cha kiwandani, halijawahi kugongwa, lilikuwa la daktari aliyeliendesha siku za mapumziko tu. Ajabu ni kwamba magari yote ya zamani yalikuwa ya madaktari. Ukisikiliza wauzaji, utadhani zamani hapakuwa na kazi nyingine duniani.

Shangazi aliitwa na wanunuzi, atangulie kuyapima hayo maneno. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na tochi, kioo kidogo chenye mpini alichokiomba kwa daktari wa meno, bisibisi bapa, daftari, na hiyo sumaku, yenye ukubwa wa kipande cha sabuni kilichokaribia kwisha. Aliivisha kitambaa ili isikwaruze rangi, akaipitisha polepole juu ya bodi. Penye chuma, inashika. Penye puti, ule ujiuji ambao mafundi wanazibia mashimo ya kutu na kuusawazisha kabla ya rangi, inateleza na kuanguka. Hapo hata muuzaji awe na ulimi wa asali, kazi imekwisha. Ndiyo maana huko mitaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Sumaku.

Alianza akiwa msichana wa kuosha bolti kwa petroli katika gereji moja, vidole vimepauka kama vya mtu aliyezama majini. Hakuna aliyemfundisha. Alisikiliza. Alijua mlango uliowahi kugongwa kwa jinsi unavyofungwa. Nyumbani aligonga kila kitu kwa kifundo cha kidole: matikiti, vitanda, ukuta, hata kisogo cha kaka yake. Majirani walipomuuliza kwa nini haolewi, alisema, "Kila anayekuja namgonga kwanza, nakuta puti."

Ripoti zake aliziandika kwa mkono, safu tatu. Ya kwanza: *Muuzaji amesema.* Ya pili: *Nimeona.* Ya tatu: *Sijui.* Miaka ya mwanzo safu ya tatu ilikuwa ndefu kuliko zote. Lakini watu hawapendi kumwita mtaalamu ili waambiwe hajui, na Shangazi naye jina lilikuwa linakua. Mwaka baada ya mwaka safu ya tatu ikazidi kubaki nyeupe, hadi akawa anaichora kwa mazoea tu.

Jumamosi hiyo alikuwa amealikwa na mwanamke aliyestaafu uuguzi, ambaye kila mtu bado alimwita Nesi. Gari lilikuwa kwenye yadi pembeni ya barabara kuu, chini ya paa la mabati, katikati ya magari mapya yaliyopangwa kama viatu dukani. La kijani, milango miwili, lenye umri mkubwa kuliko Shangazi. Kwenye kioo cha mbele palisimama kipande cha boksi chenye maandishi makubwa:

CHUMA CHAKE CHA KIWANDANI. INJINI ILEILE. RANGI YA KIWANDANI. LIMEKAGULIWA NA SUMAKU.

Shangazi aliusoma mstari wa mwisho mara mbili.

"Dada Sumaku!" Mwenye yadi alikuja ametandaza mikono, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka kama karatasi. "Leo umeitwa kukagua kazi yako mwenyewe. Ingekuwa mimi, ningelala hapo nyuma nusu saa, nikaamka nikaweka sahihi."

Na kweli, juu ya kioo cha dereva, ndani ya mfuko wa plastiki, ilining'inia ripoti yake. Mwandiko wake. Tarehe ya miaka sita nyuma. *Chesisi: nzima.* Safu ya tatu nyeupe.

"Nimekuja kukagua gari," alisema. "Karatasi haina magurudumu."

Vijana wawili waliokuwa wanaosha gari jirani wakachekeana. Nesi alikuwa ameshakaa kwenye usukani, mkoba mapajani, mikono imeushika usukani kwa hadhi kama anapigwa picha.

"Mwanangu, usinicheleweshe," alisema. "Dada yangu amefunga begi tangu jana. Saa sita nataka niwe njiani kwenda kumchukua, na ile barabara ya milimani siipendi jioni."

"Mama, ni lazima liwe hili?"

"Baba yetu aliendesha gari kama hili miaka kumi na saba. La tajiri wake. Sisi tulikuwa tunalikimbilia barabarani tukipunga mikono, hatukuwahi hata kuligusa. Dada yangu sasa miguu haimbebi. Nataka nimlaze hapo nyuma, nimletee mto, arudi mjini kama bibi harusi." Akapigapiga kiti cha nyuma kwa kiganja. "Hapo hapo."

Shangazi akaanza kazi. Namba ya injini ilikuwa yenyewe, imegongwa na mashine ya zamani, herufi zimelala kidogo upande kama zinavyotakiwa. Pedali zilikuwa na mpira mpya, lakini chuma chini ya mpira kilikuwa kimelika kulingana na umri wake. Hapo hapakuwa na neno. Alipofunua mpira wa mlango, chini ya kijani palichungulia rangi ya udongo.

"Rangi ya kiwandani?" akauliza.

Mwenye yadi akakuna shingo. "Hapo nilitia chumvi kidogo."

"Hiyo siyo chumvi, kaka. Hicho ni chungu kizima."

Hata mwenye yadi alicheka. Mpaka hapo ilikuwa asubuhi nzuri.

Akatandika turubai, akalala chali, akajivuta chini ya gari. Huko ndiko inakokaa chesisi, mihimili miwili mirefu ya chuma, kulia na kushoto, inayobeba kila kitu: injini, viti, watu. Sehemu muhimu kuliko zote ni pale nyuma, springi za magurudumu zinapofungwa kwenye mhimili. Pale pakikatika, gurudumu linahama mahali pake, na gari haliendi tena anakotaka dereva.

Aligonga mhimili wa kushoto. *Ting.* Aligonga wa kulia, mbele. *Ting.* Akasogea nyuma, karibu na springi. *Pu.*

Akagonga tena. *Pu.* Sauti ya mtu anayegonga gunia.

Akatoa sumaku. Ikashika.

Ilishika vizuri tu, kama siku zote, na moyo wake ukatulia. Labda ni dawa ya kuzuia kutu, imepakwa nene, imemeza sauti. Miaka sita iliyopita, alikumbuka sasa, alisikia sauti hiyohiyo. Aliisikia! Na alifanya hivihivi, akaweka sumaku, ikashika, akaandika *nzima*. Sumaku na sikio vilipogombana, aliiamini sumaku. Nani angeamini sikio lake wakati mji mzima unamwita Sumaku?

Akaibandua ili airudishe mkobani, na kwenye mwanga wa tochi akaona kitambaa chake kimeota ndevu. Vinyweleo vyeusi vidogovidogo vya chuma vilikuwa vimesimama wima juu yake. Alitazama mahali ilipokuwa imeshika. Jiwe la barabarani lilikuwa limebanjua rangi, padogo kama ukucha, na kutoka hapo ulikuwa unadondoka unga.

Chuma kizima hakimwagi unga. Na vumbi la gereji likikaa chini ya gari miaka sita huwa jekundu kwa kutu. Hili lilikuwa jeusi, safi, kama limetoka kwenye tupa leo. Basi lilikuwa limefungiwa ndani ya kitu kisichopitisha maji.

Hapo ndipo alipomkumbuka Fundi Laini. Ndiye aliyelifufua gari hili, mzee mpole aliyeitwa hivyo kwa sababu ungeweza kupitisha kiganja juu ya kazi yake usikute hata chembe. Shangazi alizoea kwenda kunywa chai kwenye gereji yake, na siku moja mzee aliichukua sumaku akaigeuzageuza mkononi. "Hii sumaku yako inasikia mpaka wapi?" aliuliza. Na Shangazi, amevimba kichwa, akamweleza kila kitu: unene gani wa puti unaidanganya, unene gani inaukataa, wapi huwa anagusa, wapi hagusi. Mzee alitikisa kichwa kwa heshima. "Kazi yako ni elimu kubwa, binti."

Puti iliyochanganywa na unga wa chuma. Sumaku ingeshika. Ni mtu aliyejua atakaguliwa na Sumaku tu ndiye angehitaji kubuni hila ya namna hiyo, na ni Shangazi mwenyewe aliyempa somo. Wa kumuuliza hakuwepo: Fundi Laini alikuwa amezikwa mwaka juzi.

Lakini je, kama amekosea? Labda ni unga tu umenasa kwenye dawa ya kutu. Jasho jembamba lilimtiririka hadi sikioni. Njia ya kujua ilikuwa moja. Akajivuta nje.

"Kaka," alimwambia mwenye yadi, "naomba ruhusa nitoboe chesisi kwa bisibisi. Upande wa kulia, nyuma."

Tabasamu likamganda. "Utoboe? Gari ninaliuza leo, wewe utoboe?"

"Sauti yake siipendi."

"Sauti! Sumaku imeshika au haijashika?"

"Imeshika."

"Basi?" Akaichomoa ile karatasi kutoka kwenye kioo, akamwonyesha karibu kabisa na uso. "Hii sahihi ni ya nani? Gari hili nililinunua kwa karatasi hii. Sikulala chini, sikugonga. Nilisoma: nzima, Sumaku. Miaka miwili nimewapeleka wanangu shule humu ndani. Sasa ni moja kati ya mawili, dada. Ama ulinidanganya wakati ule, ama unanidanganya sasa. Chagua."

"Sikukudanganya. Ama nilikosea wakati ule, ama nakosea sasa. Sijui."

Neno hilo lilikuwa halijamtoka kinywani mbele ya mteja kwa miaka mingi hata likamkwaruza koo.

"Sumaku imekwisha moto," kijana mmoja akasema kwa sauti, akikamua sponji. "Ipelekwe ikachajiwe!"

Mwenzake akapiga kofi la paja. Shangazi hakugeuka. Alikuwa anahesabu kichwani, na kila alivyohesabu, hesabu ilikataa. Akikuta chuma, ameliharibu gari la mtu na kumzulia mbele ya watu. Akikuta puti, basi karatasi yake ilikuwa uongo miaka sita, na nani atamwita tena? Angeweza kuandika *sumaku imeshika*. Lilikuwa neno la kweli, kila herufi. Angeondoka nalo, na jina lake lote, akiwa amewahi chakula cha mchana.

Nesi alikuwa ameteremsha kioo. Alisikia yote. Aliuliza polepole, kama anavyouliza nesi mahali panapouma.

"Mwanangu. Ingekuwa ni dada yako anayelala hapo nyuma, ungeondoka na gari hili?"

Shangazi alitazama kile kiti cha nyuma. Kilikuwa juu kabisa ya mahali pale.

"Nisingeondoka, mama."

"Basi mwache atoboe," Nesi akamwambia mwenye yadi. "Akikuta chuma, nalinunua hivyohivyo, na tundu lake."

Mwenye yadi akatazama vijana wake, akatazama barabara. "Sawa. Lakini akikuta chuma," akaling'oa lile boksi la matangazo akaligeuza upande mweupe, "ataandika hapa kwa mkono wake kwamba Sumaku hajui kazi. Nitalitundika getini. Mwezi mzima."

"Nitaandika," alisema Shangazi.

Akarudi chini. Aliona viatu vinne, kisha sita, vikisogea karibu na turubai. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye ile alama ndogo, akasukuma. Haikuingia. Akasukuma kwa nguvu zaidi, mabega yote mawili. Haikuingia. Juu yake mtu alianza kucheka kwa puani.

"Nimletee kalamu?" sauti ya kijana ikauliza.

Shangazi alifumba macho. Akaipiga bisibisi kwa kiganja, pigo moja, kwa hasira ambayo hakujua ni ya nani.

Ikazama. Haikutoa mlio wowote. Ilizama hadi kwenye mpini kama kidole kwenye mkate, na unga wa kijivu ukammwagikia usoni, mdomoni, machoni. Alipoichomoa, kipande cha ukubwa wa kiganja kilidondoka chote kifuani mwake. Ndani hapakuwa na mhimili. Palikuwa na kutu nyembamba kama ganda la yai, na nyuma yake giza.

"Kaka," aliita. "Njoo uone."

Mwenye yadi alilala chini na shati lake jeupe. Walilala bega kwa bega, tochi moja. Alinyoosha kidole akagusa ukingo wa shimo, na ukingo nao ukabomoka. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo mno.

"Wanangu wanakaa upande huu."

Hakumtukana. Labda ingekuwa afadhali. Alitoka, akasimama akikung'uta magoti ambayo hayakuwa na vumbi, akasema, "Toka kwenye yadi yangu, dada. Tafadhali."

Nesi alishuka garini taratibu, akafunga mlango kwa mikono miwili kama mlango wa chumba cha mgonjwa, akampigia dada yake simu. "Fungua begi," alisema. "Siyo leo." Kisha akamshika Shangazi mkono, unga na yote, akaubana.

Kabla hajaondoka, Shangazi aliiomba ile karatasi yake. Akaandika juu ya neno *nzima*, kwa herufi kubwa, NILIKOSEA, akatia tarehe na sahihi, akaiacha juu ya boneti.

Nyumbani alisema amechoka. Kaka mtu alimwona akitoa madaftari ya zamani kutoka chini ya kitanda, akadhani anapanga vitu. Alikuwa anatafuta kila gari lililofufuliwa na Fundi Laini na kupitishwa na Sumaku. Yalikuwa kumi na moja. Toa lile la kijani, yalibaki kumi.

Alianza Jumatatu. Aligonga milango ya nyumba badala ya milango ya magari. "Miaka minne iliyopita nilikwambia gari lako zima. Naomba nilale chini yake tena." Mmoja alimkaribisha maji. Mmoja alimfungulia mbwa. Mmoja alimwambia, "Yaani umekuja bure kunitangazia kwamba hufai?" na Shangazi akajibu, "Ndiyo," na yule mtu akafungua geti. Magari mengine yalikuwa mazima kabisa, Fundi Laini hakuwa mwongo kila siku. Matatu yalikuwa mabovu kama lile la kijani. Habari zilimtangulia mitaani. Wateja wakapungua, simu ikakaa kimya wiki nzima, na vijana wa gereji wakampa jina jipya: Bisibisi.

Alipanga orodha yake vizuri, mtaa kwa mtaa. Jina moja tu halikukaa kwenye mtaa wake. Alilishusha hadi mwisho, na kila siku alipata sababu ya kulishusha tena.

Miaka ilipita. Binti wa kaka yake akaingia sekondari, akawa mrefu hadi sketi ikapanda juu ya magoti na baba yake akalazimika kuishusha pindo mara mbili kwa mwaka. Mwalimu wake wa hesabu alikuwa mtu mkali mwenye masihara, aliyetembea na fimbo, mguu wa kulia haukukunjika. Wanafunzi walikuwa na hadithi saba kuhusu mguu ule, na mbili zilikuwa na mamba. Siku moja, akirudisha madaftari, alisoma jina la ukoo kwenye jalada la msichana akamtazama juu ya miwani.

"Wewe ni wa kwao Sumaku?"

"Ni shangazi yangu, mwalimu."

"Ahaa." Akamkabidhi daftari. "Kamuulize kwa nini natembea na fimbo. Na umsalimie, mwambie ile springi yangu ya mguu bado inalia."

Msichana alitembea hadi nyumbani karibu na kukimbia. Shangazi alikuwa mezani, palepale, akiandika ripoti. Nywele zilikuwa na mvi pembeni. Kazi ilikuwa imerudi, polepole, kwa watu wa namna nyingine, wale wanaosoma hadi mwisho wa ukurasa; Nesi alikuwa wa kwanza wao, alipolinunua gari jingine, na dada yake akarudi mjini na mto wake. Safu ya tatu ya ripoti ilikuwa imejaa mwandiko: *Sijaona ndani ya mhimili wa kushoto. Bisibisi haikuruhusiwa. Sijui.*

"Shangazi, mwalimu wa hesabu anakusalimia. Anasema bado inalia."

Kalamu ikasimama. Kwenye kona, cherehani ya kaka mtu nayo ikasimama.

Shangazi akasimulia yote, tangu lile gari la kijani, bila kujipunguzia. Mwalimu ndiye aliyekuwa mteja wake aliyemsifu kuliko wote. Alimtaja kwenye kila mkutano, alimletea wateja, alisema mji una mtu mmoja tu mkweli. Ndiye ambaye Shangazi alimwacha wa mwisho kwenye orodha. Hakumwacha kwa sababu ya mtaa wake kuwa mbali. Ulikuwa karibu kuliko yote. Alimwonea haya. Siku alipojikaza akaenda, geti lilikuwa wazi na mke wake alikuwa anafunga nguo za kupeleka hospitali. Gurudumu lilikuwa limehama siku tatu kabla, kwenye mteremko wa soko, na gari likaingia ukutani.

"Nilikaa naye mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha," alisema. "Nikamweleza. Aliniuliza yeye alikuwa wa ngapi kwenye orodha. Nikamwambia. Akageukia ukuta."

"Lakini ametuma salamu," msichana akasema.

"Mwaka wa nne ndipo alipoanza kuzituma."

Msichana akaona sumaku juu ya meza, imevishwa kitambaa, imezeeka kama sabuni iliyosahaulika.

"Uliwahi kuniuliza swali," Shangazi akasema, "hapohapo ulipo, asubuhi ya siku ile. Nikakwambia unywe chai."

"Nilikuuliza ukikosea nani anakukagua."

Shangazi akaigonga meza kwa kifundo cha kidole, mara moja, kama anayetaka kusikia kilichomo ndani yake.

"Barabara, mama. Barabara ndiyo inayonikagua. Kwa magari kumi niliiwahi. Kwa moja ikaniwahi."